Pauni 8,000 kwa notisi ya siku 12, au mkanda wa nyumbani? Jibu kwa bondia wa Tanga

Swali lenyewe nimelifupisha. Bondia wa Tanga, miaka 25, anacheza kilo 61, hajawahi kupigwa KO, amepata ofa mbili kwa mpigo. Promota wa Uingereza anamtaka baada ya siku 12, raundi 8, kilo 63.5, na kijana wao ambaye hajapoteza pambano, pauni 8,000. Huku nyumbani kuna mkanda wa taifa unagombewa Dar baada ya wiki 9, na mpinzani wake wa siku zote, malipo shilingi milioni 4. Kocha anamwambia jina kwanza, kaka yake anamwambia hela kwanza kwa sababu jina halilipi kodi ya nyumba. Anauliza: "Kaka, we ungechagua ipi?"

Mdogo wangu, kwanza nikutoe wasiwasi, kutaka hela kwenye huu mchezo sio dhambi na usikubali mtu akuone mwenye tamaa. Wanaosema bondia apiganie historia wengi wao wamekaa kwenye kiti, hawaamki saa kumi na moja alfajiri kukimbia mpaka Raskazone na kurudi, hawalali na njaa wiki nzima ili wafike kwenye uzito, na pambano likiisha wao wanarudi nyumbani na kichwa kizima. Robert Wangila wa Kenya alichukua dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988, akaenda Marekani kucheza ngumi za kulipwa, Julai 1994 akapigana Las Vegas na akafariki baada ya lile pambano. Hilo jina na ile dhahabu havikumkinga na chochote. Kwa hiyo anayekwambia ukapigane kwa hela kiduchu eti heshima, muulize yeye heshima yake ameiweka wapi.

Angalia Joe Louis. Alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu kuanzia 1937 mpaka 1949, na kwenye uzito ule hakuna aliyewahi kukaa na ubingwa mfululizo muda mrefu kama yeye. Mwaka 1942 wakati wa vita akapigana mapambano mawili akatoa malipo yake kwenye mifuko ya jeshi la majini na la nchi kavu, watu wa kodi wakaja kumdai kodi mpaka kwenye hizohizo hela alizozitoa. Deni likakua, likakua, mpaka 1951 akiwa na miaka 37 amechoka ndo akalazimika kupanda ulingoni na Rocky Marciano, raundi ya 8 akapigwa akapita katikati ya kamba akadondokea nje. Uzeeni akawa mtu wa kupokea wageni kwenye kasino Las Vegas. Hapa jirani, bondia wa kike Conjestina Achieng, Wakenya walimshangilia kama malkia, baadae tukawa tunaona michango inapitishwa ili atibiwe. Kaka yako ana hoja, msikilize.

Ila hela tupu nayo haijawahi kumlinda mtu. Mike Tyson aliingiza zaidi ya dola milioni 300 na bado mwaka 2003 alikwenda mahakamani kutangaza amefilisika. Hayo ni mambo ya jinsi mtu anavyokaa na hela na watu waliomzunguka, tuyaache.

Shida yangu na swali lako ni kwamba umeziweka zile ofa kama moja ni ya hela na nyingine ni ya jina, na kocha na kaka yako nao wanabishana hivohivo. Mi nikisoma maelezo yako naona pambano moja umepewa muda wa kujiandaa na jingine umenyimwa. Hicho ndo cha kuangalia kwanza kabla ya sifuri ngapi ziko kwenye karatasi, manake bondia wa levo yako mali yako ni ushindi. Ukishinda, hela inakuja na jina linakuja kwa pamoja. Ukipigwa raundi ya pili kwa sababu hukujiandaa, hela inakuja mara moja tu na haiji tena kwa bei ile.

Waliotengeneza hela nyingi kuliko wote walilijua hili. Floyd Mayweather mwaka 2006 alikuwa anaahidiwa na promota wake Bob Arum dola milioni 8 akapigane na Antonio Margarito. Akakataa. Tena hakuishia kukataa, akatoa dola 750,000 za kwake mwenyewe kuvunja mkataba na Top Rank, kampuni ya Arum, ili awe huru kujipangia. Watu walimuona kachanganyikiwa. Mwaka uliofuata, Mei 2007, akapigana na Oscar De La Hoya, pambano likanunuliwa kwenye televisheni na watu milioni 2.4, na kuanzia pale yeye ndo akawa anawapangia wengine bei, mpaka 2015 alipopigana na Manny Pacquiao wakauza milioni 4.6. Na ukitaka kujua, lile la Pacquiao lilianza kuzungumziwa tangu 2009 na 2010, wakavutana miaka mitano, hela ikawa kubwa kuliko pambano lolote ila ulingoni wote wawili walikuwa wamepungua, mimi hadi leo naumia nikifikiria tungeliona wakati ule wakiwa na moto.

Mwingine ni Sugar Ray Leonard, huyu namtaja kila nikikaa na mabondia wadogo. Aprili 1987 anakwenda kupigana na Marvin Hagler wakati yeye kwa karibu miaka mitano alikuwa amepigana mara moja tu, kila mtu anasema ataumizwa. Kwenye mazungumzo upande wa Leonard ukamwachia Hagler hela nyingi zaidi, lakini wakadai vitu vitatu: raundi ziwe 12 badala ya 15, ulingo uwe mkubwa, glovu ziwe za aunsi 10. Hagler akakubali, yeye bingwa, hela ndefu anapata yeye, glovu si glovu tu. Leonard akapata nafasi ya kukimbia, akapata raundi chache, akapata glovu nzito za kupunguza makali ya ngumi za Hagler, akashinda kwa majaji kugawanyika. Hagler hakupigana tena maisha yake yote. Sasa na wewe soma ofa yako kwa jicho hilo, acha kuangalia pauni 8,000, angalia kila kitu kingine kilichoandikwa.

Siku 12. Ukitoa siku za viza, ukitoa safari, ukitoa siku ya vipimo na siku ya kupima uzito, unabaki na siku ngapi za kufanya sparing, yaani kupigana na mwenzako mazoezini? Na kwa nini wanakutafuta wewe sasa hivi? Manake yule aliyepangwa kaumia au kajitoa, tiketi zimeshauzwa, televisheni imeshapanga ratiba, wanataka mtu wa kusimama upande wa pili wa ulingo. Mwenye haraka ni wao. Mabondia wetu wengi wakiitwa kwa notisi fupi wanafurahi wanaona wamepata bahati wanasaini palepale kwenye simu, wakati notisi fupi ndo saa ya kupandisha bei, sio saa ya kushukuru.

Umeona yaliyompata Martin Bakole, Mkongomani wa uzito wa juu. Agosti 2024 alikwenda Los Angeles akampiga Jared Anderson, Mmarekani aliyekuwa hajapoteza na anatengenezwa kuwa nyota, akamdondosha, akammaliza raundi ya 5. Dunia nzima ikasema huyu anaogopwa. Februari 2025, Daniel Dubois akaugua siku mbili kabla ya kupigana na Joseph Parker kule Riyadh, wakampigia Bakole. Akapanda ndege, akatua usiku wa kuamkia siku yenyewe ya pambano, akapanda ulingoni ana zaidi ya pauni 300, yaani kama kilo 140 na kitu, akamalizwa raundi ya 2. Sina shaka hela ilikuwa nzuri na sio mimi wa kumhukumu kwa kuipokea. Lakini lile jina la "anaogopwa" lililomchukua miaka kulijenga lilipungua ndani ya dakika chache, na lililofuata Mei alitoka sare na Efe Ajagba. Huyu ni mtu mzito, mwenye ngumi ya kumlaza yeyote, na bado muda wa maandalizi ulimshinda.

Najua utaniambia Mwakinyo. Kila kijana nikimwambia haya ananitajia Mwakinyo na ni sawa, Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa hapohapo kwenu Tanga alikwenda Birmingham hakuna anayemjua, wametegemea Sam Eggington apate ushindi wa kirahisi kwenye usiku wa ngumi ambao pambano kuu lilikuwa la Amir Khan, akamsimamisha raundi ya 2, ukumbi ukanyamaza, na maisha yake yakabadilika. Ni kweli kabisa na inaweza kutokea kwako. Ila tunamkumbuka kwa sababu ni yeye. Wale waliokwenda wakapigwa raundi ya kwanza hakuna anayeposti klipu zao, wanarudi kimyakimya na begi lao, wewe mwenyewe gym kwenu unawajua. Na Mwakinyo huyohuyo aliporudi Uingereza Septemba 2022 kupigana na Liam Smith pale Liverpool, safari hii akiwa na jina, ikaishia raundi ya 4, na yeye mwenyewe alieleza kwamba begi lenye viatu vyake lilipotea safarini akapanda na viatu vingine visivyomkaa vizuri, mguu ukamsumbua. Watu walimcheka mitandaoni. Mi sikucheka. Kiatu cha bondia ni kifaa cha kazi, kimeshika kifundo chako mazoezi yote, ukibadilisha siku ya pambano miguu haikuelewi, na ukiwa ugenini umefika dakika za mwisho huna siku ya kusubiri begi wala duka unalolijua. Kwa hiyo ukisafiri, sasa hivi au siku nyingine yoyote, viatu, kinga ya meno na bukta viingie kwenye begi la mkononi, usivitume kwenye mzigo.

Sasa tuje kwenye hizo pauni 8,000 zenyewe, manake kaka yako anaziona zote kama zako. Muoneshe hivi. Bondia mgeni Uingereza malipo yakivuka kiwango fulani cha mwaka wanakata kodi 20% kabla hujaona hela, Marekani ni 30%, na kama kiwango hujavuka huenda wasikukate ila muulize promota akujibu kwa maandishi. Tuchukulie wamekata, 1,600 imeondoka. Meneja wako umesema mmekubaliana 25%, hiyo ni 2,000. Kocha 10%, 800. Umebaki na 3,600. Bado nani analipa viza, nani analipa vipimo vya damu na MRI ya kichwa, nani analipa tiketi ya mtu wa pili wa kona, yaani msaidizi wa kukuhudumia kati ya raundi, kama ofa imesema wanalipia watu wawili maana yake ni wewe na kocha tu, na ukichanika jicho anayekuziba ni mtu wao. Nimeshaona kijana amerudi Dar kutoka pambano la nje, hela iliyobaki mkononi haikutosha hata kulipa madeni aliyoyaacha kambini, na kwenye mtaa wote wanajua katoka Ulaya kwa hiyo wanapanga foleni kumkopa.

Kwa rate ya sasa 3,600 ni kama milioni 12. Nyumbani ukitoa asilimia zilezile kwenye milioni 4 unabaki na milioni 2.6. Tofauti bado ni kubwa, sikufichi, ni zaidi ya mara nne na kwa mtu mwenye familia hizo ni ada na msingi wa nyumba. Ndo maana sikwambii Uingereza usiende. Nakwambia usiende kwa namna hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliweka kwenye swali, nadhani hukuliona. Hizi ofa mbili zinagusana. Ukienda ukapigwa KO, utasimamishwa kwa sababu za kiafya, na ni haki kabisa usimamishwe, ubongo unahitaji kupumzika. Wiki 9 za pambano la Dar zikifika utakuwa ndo kwanza umeruhusiwa kurudi gym, au hujaruhusiwa kabisa, mkanda atapigania mtu mwingine. Kwa hiyo unaweza ukapoteza vyote viwili kwa usiku mmoja. Ukianza na Dar ukashinda, mwezi huohuo nafasi yako kwenye Boxrec, ule mtandao wa rekodi na viwango vya mabondia, inapanda, una mkanda wa taifa, na promota yuleyule akikuhitaji tena hatakuandikia 8,000. Na lile pambano la Dar usilidharau kwa sababu ni la hapa. Mabondia wetu Francis Cheka na Mada Maugo, Twaha Kiduku na Dulla Mbabe, mpaka leo vijiweni watu wanabishana nani alistahili nini, na wadhamini wanawafuata watu wa aina hiyo. Wewe na huyo jamaa yenu watu wameshaanza kugawanyika, huo ni mtaji. Kama milioni 4 ni ndogo mwambie promota wa Dar akupe asilimia kidogo ya viingilio vya mlangoni, au akuachie uingie na mdhamini wako kwenye bukta.

Kwenye mkataba wa Uingereza kuna kipengele ambacho nakuomba ukitafute kabla ya kingine chochote, kile cha opshen. Kinasema ukimshinda kijana wao, wao wana haki ya mapambano yako mawili au matatu yanayofuata, mara nyingi kwa bei ambayo imeshaandikwa hapohapo. Yaani ule ushindi wa maisha yako, ule wa kama Mwakinyo 2018, bei yake inakuwa imeshapangwa kabla hujapigana. Mabondia wengi wa Afrika wanasoma ukurasa wenye namba ya malipo tu wanaruka huko. Opshen sio lazima ikatazwe, promota naye anawekeza, ila iwe pambano moja na malipo yawe na kiwango cha chini kinachopanda.

Kwa hiyo ningekuwa wewe leo usiku ningemjibu hivi: nashukuru kwa ofa, nipo tayari kupigana na kijana wenu nikipata wiki 8 za maandalizi, uzito kilo 61.2, watu watatu wa kona, opshen isiyozidi moja. Kama ni lazima iwe baada ya siku 12, basi malipo yawe mara mbili, opshen isiwepo kabisa, na tufike siku 6 kabla. Jibu kwa adabu na kwa maandishi. Wakikubali la pili, hapo kaa na kocha mzungumze kwa ukweli kama mwili upo fiti sasa hivi, sio kama utakuwa fiti. Wakikataa yote, hujapoteza kitu, wataandika jina lako kwenye orodha kwamba huyu anajua anachofanya, na wanakumbuka. Usimfiche promota wa Dar na hakikisha kamisheni ya ngumi za kulipwa Tanzania, TPBRC, wanajua, manake bila kibali chao hutoki kihalali na ukipata matatizo huko hakuna wa kukusemea.

Ungekuwa na miaka 35, umeshapoteza matatu mfululizo, watoto wanasoma, ningekwambia chukua 8,000, jilinde, maliza raundi zako, rudi nyumbani salama, na nisingekuwa na neno jingine. Wewe una 25. John Mugabi wa Uganda kila pambano alilokuwa ameshinda kabla ya Machi 1986 lilikuwa kwa KO, akapewa Hagler pale Las Vegas, akapigwa raundi ya 11. Alipoteza, lakini alikuwa amejiandaa, walichapana vibaya sana, na watu wa ngumi hadi leo wakimtaja Mugabi wanaanzia usiku ule. Mwaka 1989 akaja kuwa bingwa wa dunia wa WBC, moja ya mashirika makubwa ya mikanda ya ngumi duniani. Kupoteza namna ile hakumalizi mtu. Na Fatuma Zarika wa Kenya alikwenda ugenini kabisa, Flint, Michigan, Oktoba 2016, dhidi ya bingwa mzoefu Alicia Ashley, akarudi Nairobi na mkanda wa WBC. Ugenini watu wanashinda, siogopi ugenini kwa niaba yako, naogopa siku 12.

La mwisho ni ile kilo 63.5. Wewe unacheza 61, wao wanasema 63.5, na kaka yako anafurahi eti hutasumbuka kukata uzito. Huyo kijana wao akipima 63.5 siku ya kabla, usiku anakula na kunywa, kesho yake anaweza kupanda ulingoni ana 68 au 69, wewe huenda ukapanda na 63 tu. Hiyo ni tofauti ya uzito mzima au miwili na itaanza kukuumiza kwenye kukumbatiana raundi ya tatu na ya nne, sio kwenye ngumi ya kwanza. Asubuhi ya leo ulipoamka, kabla hujala, ulikuwa na kilo ngapi? Hilo hukuniandikia. Nitumie hiyo namba pamoja na picha za mkataba kurasa zote, na usisaini kabla hatujaongea.